Mashine ya kusagia nyama ya kulungu nyumbani: namba 8, 12 au 22?

KisuNaMchi

Wakuu, naomba mwongozo kabla sijatoa hela. Nahitaji mashine ya umeme ya kusagia nyama ya kulungu wawili au watatu kwa mwaka. Nyama ya kusaga ni kama kilo 25 hadi 35 kwa msimu, ila huja kwa mkupuo: kilo 10 au 12 siku moja, kisha kimya.

Kwa sasa ipo ya mkono, namba 10, ile ya kubana kwenye ukingo wa meza. Inatoa nyama kama uji wa waridi, na baada ya kilo mbili inaziba kabisa. Maswali yangu:

1. Ukubwa upi: namba 8, 12 au 22?
2. Boksi moja linasema wati 2000, jingine wati 550 kwa bei ya juu zaidi. Inakuwaje?
3. Alumini au stenlesi?
4. Mdomo wa soseji unaokuja na mashine unatosha, au ninunue kifaa cha kujazia peke yake?

SahaniBapa

Mkuu, tuanze na huo uji, maana hautaondoka kwa kununua mota. Mashine inayotoa uji haikati. Inaponda. Ukiweka umeme kwenye tatizo hilo utapata uji kwa kasi zaidi.

Fungua pete ya mbele utoe sahani yenye matundu, kisha kisu. Kisu cha mabawa manne kina uso mmoja bapa wenye makali na mwingine wenye mgongo ulioinuka. Uso bapa lazima uangalie sahani. Kikigeuzwa, makali yanatazama ndani, na nyama inalazimishwa kupita matunduni bila kukatwa. Hili ndilo kosa nambari moja, na linawapata hata wazoefu wanaporudishia mashine baada ya kuiosha.

Kama kisu kimekaa sawa, angalia kama kinagusana na sahani pande zote. Paka uso wa sahani wino wa kalamu nene, funga mashine bila nyama, weka tone la mafuta, zungusha mpini mara tano sita, kisha fungua. Wino ukifutika pete nzima, mguso ni mzuri. Ukifutika upande mmoja tu, sahani au kisu kimepinda au kimelika. Dawa yake ni msasa wa maji namba 220, kisha 400, juu ya kipande cha kioo. Mwagia maji, laza sahani, sugua kwa mchoro wa namba 8 hadi uso wote ung'ae sawasawa. Kisu nacho hivyo hivyo, uso bapa chini. Usijaribu kukinoa bawa moja moja kwa tupa, utaharibu ulinganifu.

Halafu kuna pete yenyewe. Ikilegea hata kidogo, pengo kati ya kisu na sahani linaruhusu utando mweupe kupenya na kujiviringisha kwenye kisu kama uzi kwenye pia. Hapo ndipo kuziba kunapoanzia. Kaza kwa mkono hadi igome, saga kidogo, kisha ongeza kidogo tena nyama ikishajaa. Ukikaza kwa nyundo au koleo, chuma kitasagana na chuma, na utaona majimaji ya kijivu kwenye nyama.

Jambo moja zaidi: kila kisu kizoeane na sahani yake. Vikishalika pamoja, kisu cha sahani ya matundu mapana ukikihamishia kwenye ya matundu madogo hakikai vizuri. Kisu ni kitu cha bei ndogo, kwa hiyo nunua kimoja kwa kila sahani na uvifunge pamoja kwa waya.

BaridiKwanza

Nakubaliana na SahaniBapa, ila nusu ya uji huo ni joto. Nyama ya kulungu yenyewe haina mafuta mengi ndani, lakini ikishachanganywa na mafuta ya mnyama mwingine, mafuta hayo yakipata joto yanapakaa kwenye matundu badala ya kukatwa. Matundu yanajaa, shinikizo linapanda, joto linaongezeka, na mzunguko huo haukomi mpaka usimamishe mashine.

Kata nyama vipande virefu vya unene wa sentimita 2 hadi 3. Vipande virefu vinavutwa vyenyewe na parafujo (ile ya ndani inayozunguka na kusukuma nyama kwenye kisu), vile vya mchemraba vinahitaji kusukumwa kwa mchi kila mara. Vitandaze kwenye trei, tabaka moja, uweke kwenye friza dakika 30 hadi 60. Unataka nyuzi joto kati ya -2 na 0: nje pagumu, lakini ukibonyeza kwa kidole panakubali. Nyama iliyoganda kabisa usiingize. Hiyo ndiyo inayovunja gia.

Sahani, kisu, parafujo na bomba lenyewe navyo viingie friza saa moja kabla. Watu wengi hupoza nyama wakasahau chuma, na kilo ya kwanza yote inatoka imepakaa. Toa trei moja ya nyama kwa wakati, na bakuli la kupokelea liwe juu ya bakuli jingine lenye barafu.

Na utando! Ule mweupe unaong'aa juu ya misuli, pamoja na kano za miguu ya chini, uondoe kwa kisu chembamba cha sentimita 15. Si lazima uwe mkamilifu, mashine nzuri inameza kidogo. Muundi wa mguu ni kesi nyingine. Kano zake ni nyingi kiasi kwamba ni afadhali kuupika taratibu kwenye sufuria kuliko kupoteza saa nzima unaukwangua ili usage.

GiaYaChuma

Nijibu maswali yenyewe sasa.

Namba inataja upana wa sahani. Namba 8 ni takriban milimita 62, namba 12 ni 70, namba 22 ni 82, namba 32 ni kama 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya eneo: sahani ya namba 22 ina eneo karibu mara moja na robo tatu ya namba 8. Mdomo wa kuingizia nao unapanuka, na huo ndio unaoamua vipande vyako viwe vikubwa kiasi gani. Kwa hiyo kinachookoa muda kwenye namba kubwa ni kwanza kukata nyama kidogo, halafu ndiyo kusaga haraka.

Kuhusu wati: ile 2000 ya kwenye boksi mara nyingi ni umeme ambao mota ingevuta kama imekwama haizunguki. Mota haiwezi kufanya kazi hapo zaidi ya sekunde chache bila kuungua. Geuza mashine usome kibandiko cha chini, utafute nguvu ya kazi ya kawaida. Nguvu ya farasi moja ni wati 746, nusu ni 373, robo tatu ni kama 560. Mashine iliyoandikwa 550 na ikamaanisha kweli inaweza kuizidi ile ya "2000" kwa mbali. Ukikuta kibandiko hakina namba hiyo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Kabla hujalipa uliza kuhusu gia. Za nailoni zinafaa kwa kilo chache zilizosafishwa vizuri. Kano moja ikiziba, jino linakatika. Kwenye baadhi ya mashine gia moja ya nailoni huwekwa makusudi ivunjike kabla ya mota kuungua. Hiyo si kasoro, ili mradi inauzwa peke yake kama kipuri. Gia za chuma zilizofungwa ndani ya mafuta yake ndizo za kazi ya kilo 12 mfululizo. Swichi ya kurudisha nyuma isikosekane.

Alumini au stenlesi: alumini inasaga sawa tu. Shida yake ni sabuni kali. Ukiitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo mara moja, inatoka nyeusi na inaacha masizi kwenye vidole na kwenye nyama. Kama kuna mtu nyumbani atakayeiweka huko bila kuuliza, nunua stenlesi. Bomba na parafujo viwe stenlesi ukiweza, trei si muhimu.

Kwa kilo 12 kwa mkupuo, ushauri wangu ni namba 22 yenye robo tatu ya nguvu ya farasi au moja kamili. Na usiiunganishe kwa waya mrefu mwembamba wa kuongezea. Umeme unashuka njiani, mota inavuta zaidi kufidia, inachemka, na lawama inaangukia mashine.

TreiMoja

Namba 22 kwa kilo 30 kwa mwaka? Hapana. Hiyo ni mashine ya kilo ishirini na kitu, itahitaji meza yake, na kila ukimaliza inabaki nyama robo kilo au zaidi ndani ya bomba. Kwa kazi ya kilo 10, robo kilo si kitu kidogo. Kupoza bomba lake kwenye friza ya kawaida pia ni shughuli, linakula rafu nzima.

Namba 12 yenye nusu ya nguvu ya farasi, gia za chuma, inatosha. Kilo 12 zilizopozwa na kusafishwa zinapita bila jasho, hata ukisaga mara mbili. Tena namba 10 na namba 12 kwa kawaida zina upana mmoja wa sahani, kwa hiyo sahani zako za mkono huenda zikaingia kama akiba. Pima kipenyo, tundu la katikati na ile pengo ya pembeni inayoizuia isizunguke. Ila kisu nunua kipya, kwa sababu aliyoitoa SahaniBapa.

Namba 8 nayo si ya kudharau kwa mnyama mmoja kwa mwaka, na kile kiambata cha mashine ya kukandia unga kinaweza kilo 3 hadi 5 ukikipumzisha. Kwa wanyama watatu zitakuchosha.

GiaYaChuma

TreiMoja, kwa kilo 30 nakubali, 12 inatosha kama ni nzito na ya kweli. Hofu yangu ni kwamba namba 12 nyingi sokoni zina mota ya namba 8 ndani ya bomba pana. Akiipata yenye kibandiko cha maana, achukue hiyo.

KisuNaMchi

Nimefungua ile ya mkono. Kisu kilikuwa kimegeuzwa. Basi.

Nimeelewa upande wa namba, naelekea 12. Bado soseji na mafuta. Nikitaka asilimia 15 ya mafuta kwenye kilo 10 za nyama, naongeza kilo moja na nusu, sivyo?

UtumboNaChumvi

Sivyo. Kilo 1.5 juu ya 10 ni kilo 11.5, na asilimia inakuwa 13. Kwa 15 kamili unahitaji kilo 1.76. Kanuni yake: gawanya uzito wa nyama kwa 0.85, kisha toa uzito wa nyama. Kwa asilimia 20 gawanya kwa 0.80, yaani kilo 10 zinataka kilo 2.5. Hesabu hii ni ya mafuta matupu, kama yale magumu ya mgongo wa nguruwe. Ukitumia bega la nguruwe lenye nyama ndani, mafuta yake ni robo tu au chini ya hapo, hivyo unahitaji mengi zaidi. Asiyetumia nguruwe achukue mafuta ya ng'ombe ya kidari. Yale ya kuzunguka figo ni makavu, yanavunjika kama chaki na kuganda mdomoni chakula kikipoa.

Mafuta ya kulungu mwenyewe yatupe yote. Yanaganda kama nta kwenye kaakaa na yanachacha mapema hata ndani ya friza. Watu wengi wanaolalamika kuwa nyama ya mawindo "inanuka" wanalalamikia mafuta hayo.

Kwa nyama ya baga, asilimia 10 hadi 15 inatosha. Saga mara moja kwa sahani ya milimita 10, changanya na mafuta yaliyosagwa hivyo hivyo, kisha pitisha kwenye ya 4.5. Usitie chumvi mpaka wakati wa kupika, chumvi ikikaa humo inafanya nyama ivutike kama soseji.

Kwa soseji kuvutika huko ndiko unakokutafuta. Mafuta asilimia 20 hadi 30, chumvi gramu 15 hadi 18 kwa kilo ya mchanganyiko wote, kanda hadi konzi ya nyama ishikamane na kiganja ukikipindua. Mikono itaganda kabla nyama haijawa tayari. Kwa zaidi ya kilo 5, mashine ya kukandia ya mpini inastahili hela yake.

Soseji za kukaushwa kwa moshi hafifu zinahitaji chumvi ya kuhifadhia namba 1, yenye naitraiti ya sodiamu asilimia 6.25. Kipimo ni gramu 2.5 kwa kilo, kwa mizani inayosoma sehemu ya gramu. Usipime kwa kijiko, na usikadirie. Ikizidi ni sumu, ikipungua haizuii bakteria wa sumu ya botulini.

Mdomo wa soseji wa mashine: unafanya kazi, vibaya. Parafujo inakoroga nyama ambayo tayari imekandwa, inaipasha joto na kuingiza hewa. Ukiutumia, ondoa kisu na sahani, uweke kile kishikizi chenye miguu mitatu kinachokuja nao. Kifaa cha wima chenye pistoni, cha kilo 2 hadi 7, kinasukuma bila kukoroga. Hakikisha pistoni ina vali ya kutolea hewa, la sivyo hewa iliyonaswa itarusha nyama kama chupa ya soda. Kwa utumbo wa nguruwe wa milimita 32 tumia mrija wa 16 hadi 19. Soseji nyembamba za kutafuna zinataka mrija wa 10 hadi 12, na hapo mpini utakuwa mzito kweli, kwa hiyo funga kifaa kwenye meza kwa boliti.

TeziNaRisasi

Wakuu mmezungumza chuma, hamjazungumza kinachoingia kwenye chuma.

Risasi za madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana. Uchunguzi wa idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 2008 ulikuta vipande mbali na jeraha, na kuosha kwa maji kulivisambaza badala ya kuviondoa. Nyama ya kusaga ndiyo hatari zaidi, kwa sababu vipande vya jirani na jeraha huwa ndivyo vinavyotupwa kwenye bakuli la kusaga. Kata kwa upana, tupa kila penye damu iliyovilia, wala usiweke hata kwenye bakuli la mbwa. Risasi za shaba hazipasuki hivyo.

Tezi: ziko ndani ya mafuta, duara au umbo la haragwe, kijivu au kahawia. Ya kwanza iko mbele ya bega, nyingine katikati ya misuli ya paja la nyuma, nyingine ubavuni. Moja ikisagwa inaharibu ladha ya kilo nzima.

Na kama mnyama katoka eneo lenye CWD, ule ugonjwa wa kukonda wa kulungu uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kuonekana Norway mwaka 2016, msipasue uti wa mgongo kwa msumeno. Toa nyama kwenye mfupa kwa kisu, ubongo na uti viachwe. Prioni, yaani protini yenye kasoro inayosababisha ugonjwa huo, haifi kwa kupika. Peleka sampuli, na usile mnyama aliyepatikana nao, ingawa hakuna kisa cha binadamu kilichothibitishwa. Kwa hiyo saga kila mnyama peke yake na uandike pakiti zake. Ukichanganya watatu na jibu la mmoja likaja baya, unatupa kilo zote 30. Kwa vyombo vya stenlesi, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha dakika 5 ndani ya mchanganyiko wenye asilimia 40 ya dawa ya klorini ya nyumbani zinatosha, baada ya kusugua mabaki yote ya nyama, maana dawa haipenyi ndani ya nyama. Alumini usiitie humo, itaharibika.

KisuNaMchi

Shukrani. La mwisho: kufunga na kuosha. Mashine ya kufyonza hewa ni lazima?

BaridiKwanza

Si lazima kwa nyama ya kusaga. Ile mifuko ya bomba ya plastiki ya nusu kilo au kilo, unayoijaza kwa mrija mpana wa mashine na kuisokota mdomo, inatoa hewa karibu yote. Ukiwa na ya kufyonza, nyama mbichi ina majimaji yanayopanda hadi kwenye mstari wa kuchomea, na mfuko haufungi. Gandisha pakiti saa moja au mbili kwanza, bapa, unene wa sentimita 2 au 3, ndipo ufyonze. Zikiwa bapa zinayeyuka haraka na kupangika kama vitabu.

Kwa -18, nyama iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe inaanza kupoteza ladha baada ya miezi 3 au 4. Ukijua itakaa zaidi, gandisha nyama tupu na uongeze mafuta siku ya kupika. Iwe na mafuta au isiwe nayo, nyama ya kusaga iive hadi nyuzi 71 katikati, upime kwa kipimajoto.

Kuosha: fungua mara tu unapomaliza, kabla mafuta hayajaganda. Kipande cha mkate mkavu kikipitishwa mwisho kinasukuma mabaki ya bombani, na kikianza kutokea matunduni zima, kisisage kikavu. Maji ya moto na sabuni ya kawaida, brashi ya chupa kwa bomba, kijiti cha meno kwa matundu. Sahani na kisu vya chuma cha kaboni vinashika kutu ndani ya saa moja vikiachwa na maji, kwa hiyo vifute, viweke kwenye oveni yenye vuguvugu dakika 10, kisha vipake mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula. Ya kupikia yanachacha na kugeuka gundi. Unapofungia mashine kabatini, acha pete imelegea.